Mgagani, damu ya mwezi na njia ya misafara

Njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora tumezoea kuihesabu kwa pembe za ndovu. Wapenda historia huongeza watumwa, bunduki, shanga na merikani. Wanaopenda habari za wazungu huongeza akina Burton, Speke, Livingstone na Stanley. Leo nataka kuihesabu kwa kitu kingine, na najua baadhi ya wasikilizaji wa kiume watanyoosha mkono kuzima redio, na wasomaji watarukia ukurasa wa michezo. Nataka kuihesabu kwa hedhi.

Stanley alifika Unyanyembe tarehe 23 Juni 1871, akajisifu kwamba ametumia siku 84 tu kutoka pwani. Burton na Speke, mwaka 1857, walitumia siku 134. Hesabu hizo zimo vitabuni. Hesabu isiyomo ni kwamba mwanamke aliyetembea msafara wa siku 84 aliingia mwezini mara tatu njiani, na aliyetembea siku 134 mara nne au hata tano. Alitembea hivyo hivyo, mtungi kichwani au mtoto mgongoni, maili kumi na zaidi kwa siku, akivuka Mgunda Mkali ambako hata maji ya kunywa yalikuwa ya kugombania. Na kitambaa, alichokihitaji siku hizo kuliko siku nyingine zote, ndicho kilichokuwa fedha ya njia. Kwa kitambaa hongo ililipwa Ugogo, na kwa kitambaa chakula kilinunuliwa Unyamwezi.

Wala mtu asiniambie kwamba misafara ilikuwa ya wanaume watupu. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyetumia miaka mingi kuchunguza kazi ya wapagazi, alichapisha mwaka 2000 makala nzima juu ya wanawake wa misafara: wake za wapagazi, wapishi, wachuuzi wadogo, wengine watumwa, wengine huru waliofuata njia kwa hiari yao kutafuta maisha. Mmoja tunamjua kwa jina. Ni Halima, mke wa Amoda, mpishi wa Livingstone. Mwaka 1872 alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, bwana wake akisubiri wapagazi kutoka pwani, na tarehe 25 Agosti wakaondoka kuelekea kusini. Livingstone na Stanley wote wawili wamemwandika. Walimsifu kwa upishi, wakamcheka kwa maneno mengi. Mabwana wale walijua ladha ya chakula chake na urefu wa ulimi wake, wakaishia hapo.

Mimi kwa upande wa mama ni Mnyamwezi wa Nzega, kwa hiyo habari za wapagazi nilizinyonya na maziwa. Watani zetu Wazaramo hawajaacha mpaka leo kutukumbusha kwamba babu zetu walifika pwani wakiwa na mizigo kichwani. Lakini nilipokuwa mdogo, mambo ya njia niliyasikia kwa babu, na mambo ya bustani niliyasikia kwa bibi, na haikunipitia akilini kwamba ni historia moja. Babu za watu waliondoka kiangazi, mvua zikikatika, wakarudi mvua zikikaribia. Aliyebaki alikuwa nani? Aliyelima mtama, aliyetwanga, aliyekausha mboga za kula mpaka masika yajayo, aliyewauzia chakula misafara iliyopita mlangoni mwake, ni mwanamke. Tabora isingekuwa kituo kikuu cha bara kama pasingekuwa na jembe lake. Misafara ilipumzika Unyanyembe kwa wiki na miezi, mamia ya watu kwa wakati mmoja, na mamia ya watu hawashibi kwa pembe za ndovu.

Katika bustani hiyo ya mwanamke ndimo ulimo mmea ninaotaka kuuzungumzia, yaani mgagani.

Msomaji wa Dar es Salaam huenda ameuona sokoni asiujue. Una vijani vitano hivi juu ya kikonyo kimoja, vimetanuka kama vidole vya kiganja kilichofunguliwa, maua meupe au yenye zambarau hafifu, na harufu ambayo ukishaishika huisahau. Ni mchungu. Hupenda udongo wenye samadi, kwa hiyo palipolala ng'ombe pakihamwa, mwaka unaofuata mgagani umejaa wenyewe, bila kupandwa na mtu. Wataalamu wanauita Cleome gynandra. Kisii wanauita chinsaga, Wajaluo dek, Waluhya tsisaga. Pwani na visiwani upo pia, na huko wako wanaouita mkabilishemsi, maana majani yake hulikabili jua na kulifuata. Kwa hiyo ni mmea uliokuwepo ncha zote za njia ya misafara. Mpagazi aliuacha nyumbani kwake Nzega, akaukuta tena nyuma ya vibanda vya Bagamoyo kwa jina jingine.

Bibi yangu mzaa mama hakuuita dawa, aliuita mboga. Lakini ilikuwa mboga yenye zamu yake. Mzazi akitoka kujifungua alipikiwa mgagani. Msichana akivunja ungo alipikiwa mgagani, na kila mwezi baada ya hapo, siku zake zikiisha, bibi alikuwa akimtazama chini ya jicho, akiona weupe, sufuria ya mgagani na karanga ilikuwa jikoni jioni hiyo. Hapakuwa na maelezo. Ukiuliza unaambiwa, "Kula, urudishe damu." Magharibi ya Kenya ni hivyo hivyo, ila wao huupika kwa saa nyingi na maziwa mpaka uchungu uishe, na chinsaga ya mzazi ni jambo linalojulikana kwa kila nyumba ya Kisii. Makabila ya lugha mbalimbali, Wabantu na Waniloti, hawakuitana mkutano kukubaliana, nao wakafika kwenye mmea ule ule kwa shida ile ile. Jambo la namna hiyo mwandishi wa habari haruhusiwi kulipuuza, wala haruhusiwi kulimeza bila kutafuna.

Nimelitafuna kwa sababu ya barua. Imeandikwa na mama mmoja wa Lusu, wilayani Nzega. Lusu wengi waliisikia kwa ajili ya dhahabu, maana ndiko ulikokuwa mgodi wa Golden Pride, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa zama hizi katika nchi yetu, ulioanza kuzalisha mwaka 1998 na ukasimama baada ya miaka 15 hivi. Mama huyu haandiki juu ya dhahabu. Anaandika juu ya binti yake wa miaka 16, ambaye kila mwezi hutokwa damu siku saba, nane, na siku mbili za katikati haendi shule kwa kizunguzungu. Mama mkwe anasema apewe mgagani. Mchuuzi wa mnadani anauza unga wa kijani kwenye chupa, anasema ni mgagani uliochanganywa na mizizi, "unasafisha kizazi na kupanga hedhi," kijiko kimoja kutwa mara tatu. Bei yake ni ya kuku mzima. Mama anauliza, nani mkweli?

Kabla ya kumjibu, nimeona tufanye hesabu, maana katika jambo hili hesabu ni muhimu kuliko hadithi.

Mwanamke wa kawaida hupoteza damu kama mililita 30 hadi 40 katika hedhi moja, yaani vijiko viwili vitatu vya mezani. Ikizidi mililita 80, madaktari huita hedhi nzito. Damu ni nyekundu kwa sababu ya chuma. Chuma hicho ni ndugu wa kile walichokiyeyusha wahunzi wa kale kutengeneza majembe ambayo Unyamwezi yalitumika kulimia, kuolea na kununulia. Kila mililita mbili za damu zinabeba takriban miligramu moja ya chuma. Kwa hiyo mwanamke wa mililita 40 anaondokewa na miligramu 20 kila mwezi, na wa mililita 80 miligramu 40, na chuma hicho lazima kirudishwe kwa chakula kabla mwezi mwingine haujaandama.

Sasa mgagani una nini? Gramu 100 za majani mabichi, fungu dogo la sokoni, zina kama miligramu 6 za chuma. Kwa mboga ni nyingi. Zina pia kalsiamu kwa wingi, na vitamini A. Hapo bibi alikuwa sawa. Lakini chuma cha majani ni kigumu kuingia mwilini. Katika mlo wa ugali na mboga tupu, usio na nyama wala samaki wala tunda chachu, tumbo huweza kuchukua sehemu 5 tu katika kila 100 za chuma kilichomo, nyingine zikapita zilivyo. Sehemu 5 za miligramu 6 ni miligramu 0.3. Ule fungu lako kila siku kwa siku 30, umepata miligramu 9. Na zile zinazohitajika ni 20 kwa mwanamke wa kawaida, 40 kwa mwenye hedhi nzito, mbali na chuma kingine ambacho mwili hupoteza kila siku kwa njia zake za kawaida.

Najua hesabu hii inaweza kuwakatisha tamaa wale wanaopenda kusikia kwamba kila kitu cha wazee kilikuwa dawa. Subirini kidogo, maana historia ya njia ya misafara bado haijamaliza kazi yake.

Stanley, pamoja na majivuno yake, alikuwa na jicho la mwandishi wa gazeti. Alipokaa Tabora aliandika vitu alivyoviona vimepandwa kuzunguka matembe ya Waarabu: machungwa, malimau, mapapai, maembe, vitunguu, pilipili, nyanya. Vingi kati ya hivyo vilikuja kwa mguu. Vilikuja kama mbegu na miche katika mizigo ya watu wa pwani waliotaka kula bara kama walivyokula kwao. Miembe iliyozeeka ambayo ungali ukiiona kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji imekuwa alama ya njia yenyewe, njia ambayo serikali yetu iliipeleka UNESCO mwaka 2006 iingizwe kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia.

Sasa weka vitu viwili kwenye sahani moja. Mgagani, mmea wa wenyeji, umejaa chuma kinachokataa kuingia. Limau, papai, chungwa na nyanya, wageni waliokuja na msafara, vimejaa vitamini C, na vitamini C ndiyo inayokifungulia mlango chuma cha majani. Chuma kilekile cha sufuria ileile kinaweza kuingia mara mbili au tatu zaidi kikiliwa pamoja na tunda chachu. Nyama na samaki hufanya kazi hiyo pia. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na baada ya hapo dagaa wa Ziwa Tanganyika walipata behewa badala ya kichwa cha mpagazi. Mgagani wa karanga uliotiwa nyanya, dagaa pembeni na kipande cha papai baada ya kula, ni chakula cha njia ya misafara kutoka ncha moja hadi nyingine. Bibi hakuwa na maabara. Lakini mpapai ulikuwa nyuma ya nyumba yake, na sikumbuki tulikula mgagani mtupu isipokuwa mwaka wa njaa.

Njia hiyo hiyo, au tuseme wakoloni walioifuata, ilituletea pia mvurugaji, nayo ni chai. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula hukifunga chuma cha mboga, kisiingie. Siwaambii muache chai, mimi mwenyewe siwezi kuandika mazungumzo haya bila kikombe. Nasema iache ipite saa moja au mbili baada ya mlo. Kuna nyumba ambazo msichana anakula mgagani kwa nia ya kuongeza damu, na kikombe cha chai kiko mkono wa kushoto.

Na kuna jambo la kukausha. Unyamwezi na Usukuma tuna nsansa, mboga iliyochemshwa ikaanikwa juani, ya kunde au ya mgagani, ya kutuvusha kiangazi. Huo ulikuwa ni ujuzi mkubwa katika nchi ambayo mvua hukatika Mei na kurudi Novemba. Kukausha hakuondoi chuma. Kunaondoa vitamini C karibu yote. Kwa hiyo nsansa ndiyo inayohitaji limau kuliko mboga mbichi, na kiangazi ndicho kipindi ambacho mwanamke wa misafara alitembea.

Nirudi kwenye historia, maana mtu anaweza kuuliza: kama mboga hii ilikuwa muhimu hivyo, ilipotelea wapi hata tukaanza kuinunua kwenye chupa?

Haikupotea kwa siku moja. Katika shule niliyosoma, darasa la maarifa ya nyumbani lilitufundisha kabichi. Mwalimu alikuwa mama mwema, lakini mgagani kwake ulikuwa magugu na chakula cha watu wa porini, na msichana aliyeutaja alichekwa. Hilo halikuanza na mwalimu wetu. Wamisionari wa White Fathers walikaa Ndala, jirani na Nzega, tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1930 mmoja wao, Padri Bösch, akachapisha kitabu kinene juu ya Wanyamwezi. Serikali ya Mwingereza ilileta matrekta Urambo mwaka 1947 kulima karanga kwa mamilioni ya pauni, ikashindwa kabla ya mwaka 1951 kwisha, katika nchi ambayo wanawake walikuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono na kuzitia kwenye mgagani kila juma. Sijui kama yupo bwana shamba aliyewauliza walivyofanya. Nina wasiwasi hakuwepo.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji, miaka ya 1973 hadi 1976. Sitaki kufungua kesi ile upya hapa. Nataka kusema tu kwamba mgagani ni mmea wa boma la ng'ombe la zamani, na ukimhamisha mtu kutoka mji wake wa miaka arobaini kwenda kwenye mstari wa nyumba kando ya barabara, umemhamisha kutoka kwenye udongo ule pia. Bibi yangu alihamia na mbegu kwenye kitambaa. Wapo ambao walikuwa na mambo mengine ya kubeba.

Haki itendeke, serikali hiyo hiyo mwaka 1974 ilianzisha pale Muhimbili kitengo cha kutafiti dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilifanywa taasisi kamili. Mwaka 2002 Bunge likapitisha sheria ya tiba asili na tiba mbadala, inayotaka waganga wasajiliwe na dawa zao pia. Na mboga kama mgagani zilipata makao Arusha, ambako tangu mwaka 1992 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kimekuwa kikikusanya mbegu za mboga za asili na kuzizalisha. Kwa hiyo hakuna sababu tena ya mtu kuona haya kutaja mgagani.

Lakini kutoona haya kumeleta biashara. Huko mijini, unga wa majani, mizizi na magome umekuwa "dawa ya kina mama". Kuna wa kusafisha kizazi, kuna wa kupanga hedhi, kuna wa kuongeza damu kwa siku tatu. Rozela nayo, maua ya choya, hunywewa kama damu kwa sababu ni nyekundu. Ni kinywaji kizuri, na uchachu wake ni mzuri, lakini wekundu si damu. Kama wekundu ungekuwa damu, pilipili ingetutosha. Kizazi hakihitaji kusafishwa na mchuuzi, kinajisafisha chenyewe kila mwezi, na hiyo ndiyo hedhi. Kijiko kimoja cha unga wa majani ni gramu chache tu. Hata ungekuwa mgagani mtupu, ni sehemu ndogo ya sahani ya bibi, bila karanga, bila dagaa, bila papai. Na hiyo mizizi iliyochanganywa humo ni ipi? Mchuuzi hasemi, na chupa haina maandishi. Mimea ipo inayochezea kizazi kweli kweli, na inayoua ini na figo pia.

Mgagani pia hautulizi maumivu, wala bibi hakusema unatuliza. Kwa tumbo la mwezi alitoa maji ya moto, kanga iliyopashwa, na tangawizi akiipata. Tangawizi hiyo, mgeni mwingine wa pwani, imejaribiwa hospitalini katika nchi kadhaa, hasa Iran, ikaonekana kupunguza maumivu ya hedhi kwa wengi waliopewa siku za mwanzo.

Sasa nimjibu mama wa Lusu. Mama mkwe wako ni mkweli, lakini anajibu swali jingine. Mgagani ni chakula cha mwanamke mwenye hedhi ya kawaida asipungukiwe. Binti anayetokwa damu siku nane na kuona kizunguzungu amekwisha pungukiwa, na hesabu niliyoifanya hapo juu inaonyesha kwamba sahani peke yake haitamfikia. Apelekwe kituo cha afya apimwe damu. Ni tone la kidole. Ikiwa imeshuka, kuna vidonge vya chuma, vile vile ambavyo wajawazito hupewa kliniki, na si vya bei ya kuku. Aulizwe kama hedhi yake ilikuwa nzito tangu alipovunja ungo, kama hutokwa damu puani au kwenye fizi, kama shangazi na bibi zake walikuwa hivyo, maana yapo magonjwa ya damu kutoganda yanayorithiwa. Apimwe malaria. Apimwe choo kwa ajili ya minyoo. Wazee wetu walikuwa na neno safura, ambalo ni ugonjwa wa kuishiwa damu na ni minyoo inayouleta kwa wakati mmoja. Neno hilo moja lina sayansi kuliko chupa zote za mnadani. Hakuna mboga itakayojaza mtungi ambao minyoo imeutoboa chini.

Na wala binti huyu si peke yake. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2004 na 2005 ulikuta wanawake 48 kati ya kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu. Wa mwaka 2010 ulikuta 40. Wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta 45. Wa mwaka 2022 ulikuta 42. Soma tena namba hizo. Karibu miaka ishirini, marais wanne, na tumeshuka kwa wanawake sita katika mia. Tangu mwaka 2011 kanuni zinavitaka viwanda kuongeza chuma na virutubishi vingine kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Ni hatua nzuri kwako wewe unayenunua unga wa mfuko dukani. Lakini mama wa Lusu hubeba mahindi yake kichwani mpaka mashine ya kusaga ya kijijini, na vinu vidogo kama hivyo, kwa sehemu kubwa, kanuni hiyo haijavifikia. Unga wake ni ule ule wa bibi, ila mgagani hauko tena karibu na mlango.

Mama huyo aliuliza pia, mwisho wa barua, kwa nini mbegu alizopewa na jirani hazikuota. Hazikuota kwa sababu zilipandwa mbichi. Mbegu ya mgagani ikivunwa hulala, na haiamki vizuri mpaka ipumzishwe miezi mitatu hadi sita mahali pakavu. Inayovunwa Mei au Juni iko tayari mvua za Novemba zinapoanza. Isifukiwe chini sana, maana ni ndogo. Itawanywe juu ya udongo wenye samadi ya zamani na kufunikwa kidogo tu. Baada ya wiki nne, tano hivi, majani yanaanza kuchumwa, na maua yanapojitokeza yakatwe, ili mmea uendelee kutoa majani badala ya kukimbilia mbegu. Uachie miche michache tu ya kuzaa, kwa ajili ya mwaka ujao na kwa ajili ya jirani.